Ofisi ya watoto Nairobi: usuluhishi mzuri, karatasi dhaifu

Mzazi anayetafuta matunzo ya mtoto Nairobi bila pesa za wakili ana milango mitatu ya kubisha: kwa chifu, kwenye ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, na Mahakama ya Watoto, ambayo kwa wakazi wengi wa jiji ni ile ya Milimani. Hapa ninaupima mlango wa pili, kwa sababu ndio unaopitiwa na wengi na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa kazi ya kumwita mzazi anayekwepa, kumkalisha mezani na kumfanya ataje kiasi mbele ya mtu wa serikali, huduma hii ni nzuri sana, na haitozi hata shilingi moja. Kwa kazi ya kuhakikisha kiasi hicho kinalipwa hadi mwezi wa saba na wa nane, ni dhaifu. Udhaifu huo hautokani na uvivu wa maafisa. Afisa wa watoto hana mamlaka ya kukata mshahara wa mtu, kukamata mali yake wala kumpeleka jela kwa kutolipa. Mamlaka hayo ni ya mahakama. Kwa hiyo huduma ya ofisi hii ina thamani sawa na karatasi utakayotoka nayo, na karatasi hiyo wewe mwenyewe una nafasi kubwa ya kuifanya iwe imara au iwe ya kufungia mandazi.

Ofisi hizi ni za Idara ya Huduma za Watoto, ambayo ni idara ya serikali kuu. Si za kaunti, kwa hiyo kwenda City Hall ni kupoteza nauli. Mara nyingi utazikuta katika majengo ya naibu kamishna wa kaunti, pale ambapo wazee bado wanapaita kwa DO. Unakwenda ofisi ya eneo anakoishi mtoto, wala si ya eneo alikozaliwa au anakofanya kazi baba. Hilo linaonekana dogo, lakini watu hupoteza asubuhi nzima kwenye foleni kisha wanaambiwa wavuke jiji.

Foleni nazo hazilingani. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilihesabiwa kuwa na kaunti ndogo 11. Embakasi ilikuwa na watu 988,808, Kasarani 780,656, Kibra 185,777 na Makadara 189,536. Ukigawa ofisi kwa kaunti ndogo, Embakasi inabeba zaidi ya mara tano ya watu wa Kibra. Hapo ndipo hasira nyingi za wateja zinapoanzia: afisa mmoja ana kesi za matunzo, watoto waliopotea, watoto waliookotwa, ripoti zinazodaiwa na mahakama na ziara za nyumbani, zote kwa wiki moja. Fika mapema, tena katikati ya wiki ikiwezekana, kwa kuwa Jumatatu hubeba matatizo yote ya wikendi.

Kuhusu sheria, mambo mawili yanatosha kuyajua kabla ya kuingia. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na inasema jukumu la baba na la mama ni sawa, wawe walioana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inalijenga jambo hilo hilo kwa undani. Kwa hiyo swali la "mlioana?" linaweza kuulizwa ili kujaza fomu, lakini jibu lake halimwondolei mtu jukumu. Na huduma si ya akina mama peke yao. Baba aliyenyimwa kumwona mwanawe, au nyanya aliyeachiwa wajukuu watatu na mwanawe wa kiume anayelipwa mshahara mzuri, wote wana haki ya kufungua jalada.

Vitu vya kubeba

Beba kitambulisho chako na nakala yake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kijitabu cha kliniki kama cheti bado hakijatoka, barua ya shule au risiti za karo, na mkataba wa nyumba au risiti za kodi. Kwa upande wa mzazi mwenzako, lete jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba zake zote za simu, mahali anapofanya kazi na maelezo ya kufika anakoishi. "Anakaa Pipeline karibu na steji" haitoshi. Andika jina la ploti, rangi ya geti, duka lililo jirani na jina la keateka.

Cheti kisicho na jina la baba hakikufungii mlango. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichozuia jina la baba asiye mume wa mama kuandikwa bila idhini ya baba huyo. Lakini kama cheti chako ni cha zamani na sehemu ya baba ni tupu, njoo na ushahidi mwingine kwamba amemtambua mtoto: ujumbe wa simu anaouliza hali ya mwanawe, pesa alizotuma wakati wa kujifungua, fomu ya shule aliyoijaza kama mzazi. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 au 12 ina uzito kuliko picha za skrini, kwa sababu inaonyesha mfululizo: alituma lini, kiasi gani, aliacha lini. Ichapishe, kisha pigia mstari malipo yake kwa kalamu.

Jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau ni hesabu. Watu hufika ofisini wakiwa na uchungu wa kweli na bila namba hata moja. Wakiulizwa wanataka kiasi gani, wanataja 20,000 kwa sababu inasikika vizuri, mzazi mwenzao anataja 2,000, na afisa anakata katikati. Matunzo hayapaswi kupatikana kwa njia ya mnada.

Chukua mfano wa mama anayeishi Umoja na mtoto wa miaka 4 pamoja na dada yake. Kodi ni 9,000 na nyumba ina watu watatu, kwa hiyo sehemu ya mtoto ni 3,000. Chakula chake kwa mwezi tuseme 6,000. Karo ya shule ya awali ni 12,000 kwa muhula. Mara mihula mitatu ni 36,000 kwa mwaka, yaani 3,000 kwa mwezi. Mama wa jirani anayemwangalia baada ya shule anachukua 100 kwa siku, siku 22, jumla 2,200. Nguo na viatu 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kwa mwezi. Sehemu yake ya maji, stima, sabuni na mafuta 1,300. Dawa za hapa na pale 500. Jumla ni 17,000. Kama baba anapata 40,000 na mama 20,000, mgawanyo wa kufuata uwezo unampa baba theluthi mbili, takriban 11,300, na mama 5,700. Sheria ya Kenya haina fomula maalumu ya kugawa, na mahakama huangalia mahitaji ya mtoto, kipato na majukumu mengine ya kila mzazi. Lakini ukiwa na karatasi kama hii mezani, mjadala unahama kutoka "wewe ni mbaya" hadi "je, chakula cha 6,000 ni kingi?" Huo ndio mjadala ambao afisa anaweza kuumaliza.

Barua ya wito

Ukishasikilizwa, afisa anafungua jalada na kuandika barua ya wito yenye tarehe, saa na mahali. Omba namba ya jalada siku hiyo hiyo na uiandike kwenye simu. Idara ina mfumo wa kompyuta unaoitwa CPIMS wa kuhifadhi kesi za watoto. Uliza kama kesi yako imeingizwa humo. Maafisa huhamishwa, na anayekuja nyuma akikuta jalada lisilo na namba wala kumbukumbu, mnaanza upya na yule mzazi mwingine anafurahi.

Hapa pana kasoro ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika hatua za mwanzo: mara nyingi barua hukabidhiwa mlalamikaji aipeleke mwenyewe. Kwa wazazi waliotengana kwa amani hilo halina neno. Kwa mtu aliyekimbia kipigo, ni kumrudisha mlangoni kwa aliyempiga. Huna lazima ya kukubali. Mwambie afisa waziwazi: "Naomba barua hii ipelekwe na chifu au mzee wa mtaa, kwangu si salama." Njia nyingine ni kumwomba afisa ampigie simu mhusika kutoka ofisini, kisha barua ifuate. Kama mhusika ameajiriwa, barua inaweza kufikishwa kazini kwake kupitia idara ya wafanyakazi, ingawa ipo hatari kwamba atachukia na kuja akiwa amejifunga kibwebwe. Pima mwenyewe, unamjua kuliko afisa.

Wito wa kwanza ukipuuzwa, hutolewa wa pili, na pengine wa tatu. Baada ya hapo usikubali kuzungushwa kwa "njoo wiki ijayo." Afisa hana nguvu za kumleta mtu kwa lazima kama mahakama, kwa hiyo kila wito unaopuuzwa ni ushahidi wako. Omba nakala za barua zote na maelezo mafupi yaliyopigwa muhuri kwamba mhusika aliitwa akakataa kufika. Karatasi hizo hutoa mwanzo mzuri wa kesi Milimani.

Siku ya kikao

Kikao kizuri huchukua saa moja hivi. Afisa anamsikiliza kila mzazi, anaeleza sheria, kisha mnaingia kwenye hesabu. Maafisa wenye uzoefu hufanya jambo moja linalookoa muda mwingi: wanatenga ugomvi wa ndoa na haja za mtoto tangu dakika ya kwanza. Nani alimwacha nani, nani ana mtu mwingine, mahari ililipwa au la, hayo hayaingii. Ukiona kikao kinageuka kuwa baraza la kurudisha watu kwenye ndoa, rudisha mazungumzo kwa heshima: "Afisa, naomba tuzungumzie mtoto kwanza."

Usilete mtoto isipokuwa umeambiwa. Katika ofisi nyingi chumba ni kimoja, madawati yamekaribiana na watu wa kesi nyingine wanasikia kila kitu. Faragha ndiyo alama ya chini kabisa ninayoipa huduma hii, na nasikitika kuiandika kwa sababu inamuumiza mtoto moja kwa moja. Mtoto mkubwa mwenye maoni yake kuhusu anakotaka kuishi anapaswa kusikilizwa peke yake, bila mzazi yeyote chumbani. Omba hivyo.

Baba akikana kwamba mtoto ni wake, usuluhishi umefika mwisho. Afisa hawezi kumlazimisha mtu kupimwa DNA. Mahakama inaweza kuamuru, na ndiyo inayoamua nani abebe gharama. Usikae miezi ofisini ukingoja moyo wa mtu ulainike.

Jambo jingine linalovuruga vikao ni kufunga pesa na ziara pamoja. "Halipi, kwa hiyo hamwoni." "Simwoni, kwa hiyo silipi." Yote mawili ni makosa. Matunzo ni haki ya mtoto, na kumjua mzazi wake pia ni haki ya mtoto. Moja haliwi rehani ya jingine. Maafisa wengi wanalieleza hili vizuri sana, na mara kadhaa ndilo linalofungua kikao kilichokuwa kimekwama.

Karatasi yenyewe

Mkikubaliana, mnaandika makubaliano ya majukumu ya wazazi. Hapa soma kila mstari kabla ya kutia sahihi, hata kama kuna watu kumi nje wanaogonga mlango. Makubaliano mengi huvunjika kwa sababu ya sentensi moja: "Baba atasaidia kadiri ya uwezo wake." Sentensi hiyo haina kiasi, haina tarehe, haina njia ya kulipa. Hakuna hakimu anayeweza kusema imevunjwa.

Linganisha na hii, kwa kutumia ule mfano wa Umoja: "Baba atalipa karo ya 12,000 kwa muhula moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kabla ya wiki ya kwanza ya muhula kuisha. Atatuma 8,300 kila mwezi, si zaidi ya tarehe 5, kwa namba ya M-Pesa ya mama iliyotajwa hapa. Mama atalipa kodi na gharama nyingine za kila siku. Baba atamwandikisha mtoto kuwa mtegemezi wake katika bima ya afya ya SHA ndani ya siku 14. Gharama za hospitali zisizolipwa na bima zitagawanywa, baba theluthi mbili na mama theluthi moja. Makubaliano yatapitiwa upya kila Januari." Kila sentensi ina mtu, kiasi na tarehe. Mmoja akikosea, inaonekana.

Hilo la SHA lina faida ambayo wengi hawaioni. Tangu Oktoba 2024, mamlaka hiyo ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Anakatwa kiasi hicho hicho awe amemwandikisha mtoto au hajamwandikisha. Kwa hiyo hakuna sababu ya baba mwajiriwa kukataa kipengele hiki, na ni vyema kukiweka mwanzoni mwa mazungumzo kwa sababu ni makubaliano ya kwanza yasiyomgharimu mtu kitu.

Pesa taslimu ziepukwe kabisa. Hata vitu pia: viatu, gunia la viazi, mkate wa Jumapili. Anayenunua anavihesabu kwa bei ya Westgate, anayepokea anavihesabu kwa bei ya Gikomba, na baada ya mwaka hakuna anayejua nani anamdai nani. Kama mtu anataka kununua zawadi, anunue, lakini iandikwe kwamba zawadi haipunguzi matunzo.

Kwa mzazi asiye na mshahara, mwenye bodaboda, wa mjengo, wa kibanda cha matunda, tarehe 5 ya mwezi ni tarehe ya kushindwa. Pesa zake huja kwa siku na huisha kwa siku. Mwandikieni malipo ya wiki. Shilingi 700 kila Jumamosi ni wastani wa 3,033 kwa mwezi, na mtu wa boda anayeshindwa kutoa 3,000 kwa mkupuo anaweza kabisa kutoa 700 baada ya kazi ya Ijumaa. Fomu nyingi zimezoea neno "kila mwezi", lakini hakuna kinachokataza wiki. Nashangaa kuona jinsi badiliko dogo kama hili linavyosahaulika, na jinsi linavyowaokoa akina baba wenye nia njema wasiitwe wakaidi.

Ziara nazo ziandikwe kwa saa na mahali. "Jumamosi mbili kwa mwezi, ya kwanza na ya tatu, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mtoto achukuliwe na kurudishwa kwa nyanya yake" inatosha. "Wakati wowote akipenda" huzaa ugomvi mlangoni saa tatu usiku.

Kutoka ofisini hadi mahakamani

Makubaliano yakishatiwa sahihi na wazazi wote wawili, afisa na mashahidi, watu wengi huyakunja na kuyaweka chini ya godoro. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Karatasi ile ni ahadi iliyoandikwa. Ikipelekwa mahakamani na kukubaliwa na hakimu, inakuwa amri, na kuivunja amri kuna adhabu. Mwombe afisa siku hiyo hiyo akuelekeze jinsi ya kuiwasilisha, na mweke ndani ya makubaliano yenyewe sentensi inayosema wazazi wote wawili wanaridhia yapelekwe mahakamani yawe amri. Mtu akiwa ameridhia mezani, ni vigumu kugeuka baadaye.

Nairobi, kesi hufunguliwa kwa njia ya mtandao tangu Julai 2020. Utahitaji barua pepe inayofanya kazi, kitambulisho, na hati zilizopigwa picha kwa usafi katika faili za PDF. Saiba za karibu na mahakama zinaifanya kazi hii kwa malipo, lakini hakikisha akaunti inafunguliwa kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Ikifunguliwa kwa barua pepe ya mwenye saiba, taarifa ya tarehe ya kesi itakwenda kwake, na wewe utakosa siku yako bila kujua.

Kama hamkukubaliana, au mhusika hakufika kabisa, unafungua kesi ya matunzo na unaomba pamoja nayo amri ya muda, chini ya hati ya dharura, ili mtoto asikae njaa kesi ikiendelea. Wazazi wote wawili watatakiwa kuapa hati ya kiapo inayoonyesha mali, mapato na matumizi yao. Ile hesabu ya 17,000 uliyoiandaa kwa ajili ya afisa ndiyo utakayoitumia tena hapa. Hakimu pia anaweza kumwagiza afisa wa watoto aende nyumbani kwa kila mzazi na kuandika ripoti. Katika kazi hii ofisi ya watoto inastahili sifa: ripoti iliyofanywa vizuri, yenye maelezo ya mahali mtoto anapolala, nani anampikia na anafikaje shule, huwa na uzito mkubwa kuliko maneno ya pande zote mbili. Shida ni muda. Ripoti huchelewa kwa sababu afisa wa kuiandika ni yule yule mwenye foleni ya asubuhi, na mara nyingi hana gari.

Asiyeweza kujiwakilisha asikate tamaa. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake lililoanzishwa 1985, huwafundisha wanawake kuandika hati zao na kusimama wenyewe mbele ya hakimu, na kesi nyingine huwapa mawakili wa kujitolea. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu 1973, wanaume kwa wanawake. Ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Ukilinganisha, mashirika haya yana ujuzi wa mahakama kuliko ofisi ya watoto, ila huchuja wateja kwa kipato na kwa aina ya kesi. Chifu naye ana faida moja kubwa: anajua watu wanakaa wapi. Mtumie kufikisha barua na kuthibitisha makazi, lakini makubaliano yaandikwe kwa afisa wa watoto.

Yasiyofaa kupelekwa usuluhishi

Mtoto akiwa amenajisiwa au amepigwa akaumia, hakuna kikao wala meza ya kukubaliana. Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia HIV hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Asioge, nguo zake zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali ya Kenyatta, Mama Lucy na kituo cha waathiriwa cha Nairobi Women's hupokea watoto wa aina hii. Baada ya hapo polisi, dawati la jinsia, na fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, ambayo ni ya bure. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure saa 24, na kwa ukatili wa kijinsia dhidi ya watu wazima pia kuna 1195. Jamaa wakija na mazungumzo ya mbuzi na fidia, wakatae. Kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haliuzwi na familia.

Na pale ambapo mzazi mmoja anamwogopa mwenzake, mweleze afisa faraghani kabla ya siku ya kikao na uombe vikao viwe tofauti. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi, na amri hiyo inaweza kuombwa sambamba na matunzo.

Malimbikizo

Mwenye amri ya mahakama ambaye hajalipwa asirudi kwa afisa kuanza wito upya. Aende masijala ya mahakama ile ile akiwa na namba ya kesi, nakala ya amri yenye muhuri, taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote, na jedwali la safu nne: mwezi, kilichopaswa kulipwa, kilicholipwa, kilichobaki. Aombe mhusika aitwe kujieleza kwa nini asifungwe jela ya madai, au, kama ni mwajiriwa, mshahara wake ukatwe moja kwa moja. Njia ya mshahara ndiyo bora, maana mtu aliye jela haingizi kitu na mtoto bado anakula.

Kwa upande wa pili, aliyeagizwa kulipa na akaachishwa kazi asinyamaze akilimbikiza deni. Arudi mahakamani mwezi huo huo na barua ya kuachishwa kazi, aombe kiasi kipunguzwe. Mahakama hupunguza malipo yanayokuja kwa urahisi kuliko kufuta deni lililokwisha kujazana. Kama hana amri bali makubaliano ya ofisini tu, hapo ndipo kurudi kwa afisa wa watoto kuna maana: aombe kikao kipya, kiasi kipya kiandikwe kwa tarehe mpya, na safari hii makubaliano hayo yapelekwe Milimani kabla wiki haijaisha.